Jinsi nilivyoacha kurudi nyumbani kukagua gesi

Shauri lililoniudhi kuliko yote ni "acha tu". Nimeambiwa na majirani, nimeambiwa na shemeji, hata na mtu aliyenipa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, ninywe. Kama kuacha kungekuwa rahisi hivyo, nisingekuwa natoka nyumbani Langoni asubuhi na mahamri yangu ya kuuza, nikaribie kibanda changu Mkunguni, halafu nigeuze njia nirudi kushika koki ya mtungi. Nyumba zetu Lamu zimebanana, na jirani yangu kaezeka makuti. Moto ukianza kwangu hauishii kwangu. Hofu yangu ilijivika busara, ndiyo maana ilinishika barabara.

Shemeji ndiye aliyeleta shauri la picha: funga koki, ipige picha kwa simu, ukishikwa na shaka itazame. Siku za mwanzo nilitembea kifua mbele. Kisha shaka ikahamia ndani ya simu. Picha hii ni ya leo au ya jana? Nikawa naweka kando ya koki kitu cha siku hiyo, leo asumini mbichi, kesho kipande cha ndimu. Shaka ikauliza: na kama uliwasha tena ukachemsha chai baada ya picha? Nikahamia video, kuanzia koki mpaka kufuli la mlango. Wateja wanasimama na bakuli za mbaazi, mimi naitazama na kuirudia. Simu ikajaa hadi picha za arusi ya mdogo wangu zikakosa nafasi.

Mwishowe nikaenda Mombasa kwa mshauri wa mambo ya akili. Nauli ya boti mpaka Mokowe, basi la Mombasa na malazi vilikula faida ya wiki nzima na zaidi, lakini sijutii hata shilingi. Mshauri wa huko aliniuliza, "Mama, ukirudi nyumbani unafuata gesi au unafuata utulivu?" Nikajibu utulivu. Akasema hicho ndicho kinacholisha maradhi haya ya wasiwasi. Nikikagua, moyo unatua papo hapo, na akili inajifunza kwamba nyumba ilinusurika kwa sababu nilirudi. Haipati kamwe nafasi ya kuona kwamba ingenusurika bila mimi. Kesho inadai tena.

Akanieleza jambo lililonifungua macho. Mwaka 2003, watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu wasio na maradhi haya jiko la gesi la kwenye kompyuta walikague tena na tena. Kumbukumbu yao haikuharibika, ila imani yao juu yake ilipungua. Basi kumbe zile video zangu ndizo zilizokuwa zinanipofusha!

Tiba yenyewe si ngeni. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliwatibu hivyo wagonjwa wawili London, akaandika habari zao mwaka 1966: wakabiliane na wanachokiogopa, huku wakizuiwa kufanya mazoea yao. Nilianza kwa kufunga koki mara moja na kwenda kwa jirani tu, baadaye mpaka kibandani. Wala sikujiambia "imefungwa", kwa kuwa hilo nalo ni kukagua, ila kwa mdomo. Nilijiambia "huenda iko wazi", nikaendelea kupakua mbaazi. Hofu ilipanda hadi mikono ikatetemeka. Nikaiacha. Sinia halijaisha, nayo imeshashuka yenyewe.

Mwenye wasiwasi wa udhu, kama niliokuwa nao zamani, asikilize alichonifunza sheikh wetu: yakini haiondolewi na shaka. Osha mara tatu, uondoke birikani. Wengine huhitaji na dawa, nazo zinasaidia; muulize daktari wa akili, usimuulize muuza duka.

Jambo lililokuwa zito zaidi ni la mume wangu. Kwa mapenzi alikuwa akinijibu kila nikimpigia, "Imefungwa, nimeiona." Mshauri alimtaka aache, maana jibu lake nalo ni ukaguzi. Sasa nikiuliza ananiambia, "Hilo silijibu, mke wangu. Umeuza ngapi leo?" Mwanzo nilimnunia. Siku hizi nampa hesabu ya mahamri.