Jinsi nilivyoondoa mawimbi ya uongo kwenye seismomita yetu Tukuyu
Seismomita, kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi, ina chaneli tatu, kila moja ikirekodi mwendo wa upande wake. Ya wima ilikuwa imetulia. Zile mbili za mlalo, kaskazini na mashariki, ndizo zilizoyumba kila upepo uliposhuka kutoka mlima Rungwe: mawimbi marefu, ya dakika nzima na zaidi, na tetemeko hakuna. Fundi mwenzangu alitaka sensa, yaani kihisi cha seismomita, irudishwe kiwandani. Nikamwambia, "Kaka, ngoja kwanza tuipime hewa."

Hewa ina uzito. Kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ikipanda kwa hektopaskali 1 tu, kila mita ya mraba ya ardhi hubebeshwa takribani kilo 10 za ziada. Mzigo huo haulingani kila mahali, kwa hiyo ardhi huinama kidogo mno, na udongo wetu wa majivu ya volkano huinama kirahisi kuliko mwamba. Sensa ya mlalo haiwezi kutofautisha kuinama na kusukumwa, maana ikiinama, sehemu ya nguvu ya mvutano huingia kwenye kipimo.

Nikafunga baromita nyeti, kipimo cha kanieneo ya hewa, kando ya shimo la seismomita, ikifuata saa ileile ya GPS. Grafu zikapanda na kushuka pamoja, ubishi ukaisha. Nikaandika programu ya kukokotoa uwiano wa kanieneo na kila chaneli, kisha kuitoa kwenye rekodi sehemu inayotokana na hewa. Uwiano hukokotolewa kivyake kwa kila masafa, yaani kulingana na muda ambao wimbi moja huchukua. Kutumia mmoja kwa yote, kwangu mimi, ni kujidanganya.

Baadaye tulichimba hadi kwenye basalti, mwamba mgumu wa volkano, tukamwaga zege na kufukia. Mitikisiko ya malori ya ndizi bado ipo. Hiyo baromita haiigusi.