Jioni Mjomba Alipochora Nürburgring

Nilikuwa darasa la sita. Mjomba, baharia, alikuwa ametoka Hamburg siku chache nyuma, na jioni hiyo alikuja gerejini kwa baba, Ngamiani, mjini Tanga, akaomba chaki. Akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye sakafu ya saruji mstari mrefu unaopinda na kujirudia, ukizunguka mlima wenye ngome kuukuu.

"Hii ndiyo Nürburgring, shemeji. Nimeizunguka."

Baba akatoka chini ya gari la mteja, spana mkononi. Jina hilo la uwanja wa mbio za magari huko Ujerumani alilijua. Alizikumbuka habari za Niki Lauda, dereva wa Formula 1, aliyeungua humo Agosti 1976, madereva wenzake wakamtoa motoni, na baada ya wiki sita akarudi mashindanoni. Kwa baba, pale palikuwa pa mabingwa peke yao. Mjomba akamwambia kuwa siku zisizo na mashindano geti hufunguliwa kwa watalii: unalipa, unaingia na gari lako.

"Hata mimi na Peugeot 504 yangu?"

"Hata wewe. Mradi gari linaruhusiwa barabarani."

Baba akaweka spana chini.

Mjomba akaeleza jinsi ilivyojengwa kuanzia 1925 hadi 1927, milima ya Eifel ikiwa na watu wengi wasio na kazi. Hilo alilisema kwa heshima, na mimi pia nimeliheshimu tangu siku ile. Lakini baba alitaka barabara yenyewe. Karibu kilomita 21, kona zaidi ya 70: mteremko unaanzia wapi? Breki zinapata nafasi ya kupoa? Mwenye gari la polepole anapitwaje? Mjomba akajibu kwamba wenye kasi hupita kushoto, maana kule huendesha upande wa kulia, na anayegonga kingo za chuma hulipia ukarabati.

Walipofika Karussell walikaa hapo hadi adhana ya magharibi. Ni kona ya zege iliyolazwa kwa ndani. Gari linatumbukia humo na abiria anakandamizwa kitini. Baba alinyoosha kiganja, akakiinamisha, akauliza uzito unaangukia magurudumu gani. Mjomba alikuwa abiria tu, hakuweza kumjibu. Baba akajijibu mwenyewe, akichora mishale ubavuni mwa kona, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona akiwa kazini. Mtu aliyetengeneza magari ya wengine maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba barabara ile haikumfungia mlango.

"Jumapili tunapanda Lushoto," akasema. "Kutoka Mombo ni kilomita 30 na ushei, kona tupu. Utanionyesha ipi inafanana na ipi."

Mjomba akakubali, ila akaomba wakati wa kushuka ashike yeye usukani.

"Kupanda nakupa, shemeji. Kushuka nashuka mwenyewe."