Siku moja kwenye siti skani, Kigoma: kuliangalia ini lililochomwa kwa joto

Saa 1:00 asubuhi

Mashine inawashwa, tyubu inapashwa moto, kisha tunapiga picha ya kopo la maji. Maji lazima yasome sifuri kwenye vipimo vya Hounsfield (namba za weupe au weusi wa kitu kwenye picha), au yasipishane na sifuri kwa zaidi ya 5. Leo kipimo hicho kina uzito wa pekee. Orodhani wamo wagonjwa wawili waliochomwa uvimbe wa ini kwa maikrowevu, yaani sindano ya joto, nje ya mkoa, na majibu yao yatategemea tofauti ndogo za namba.

Saa 2:00

Wa kwanza ni mzee kutoka Kibondo, mwenye homa ya ini B ya muda mrefu na saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe. Alitibiwa wiki tano zilizopita. Shikamoo mzee, karibu, na swali la kwanza kabla hata ya uzito: "Sidii ya picha za kabla ya tiba umekuja nayo?" Anayo. Bila hiyo tungeliona eneo lililochomwa tu, tusijue uvimbe ulikaa wapi ndani yake.

Kreatinini yake, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ni nzuri, hajala kwa saa nne, hana historia ya mzio. Kanula ni ya kijani, namba 18, kwenye mshipa wa kiwiko. Ya pinki ingefaa kwa kasi ya mililita 3 hadi 4 kwa sekunde. Ya bluu haifai kabisa: tukiisukumia kwa kasi dawa ya kontrasti, inayong'arisha damu kwenye picha, mshipa utapasuka, na tukipunguza kasi, awamu ya ateri (picha inayopigwa dawa ikiwa bado kwenye ateri) itatoka hafifu.

Muuguzi anamfundisha kuzuia pumzi kwa Kiha, mara tatu, mpaka aelewe. Ini hushuka na kupanda pamoja na kiwambo, msuli wa kupumulia ulio juu yake. Akizuia pumzi kwa kina tofauti kila awamu, picha hazitalingana.

Saa 3:00

Tunapiga mara nne, na hakuna ya kuruka.

Ya kwanza ni kabla ya dawa. Wengi huiacha ili kuokoa muda, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Katikati ya eneo lililochomwa mara nyingi huwa na weupe wake wenyewe, wa damu iliyoganda na protini zilizoiva. Usipouona weupe huo kabla ya dawa, utadhani ni kansa inayokunywa dawa.

Kisha dawa ya kontrasti: mililita 1.5 kwa kila kilo. Ana kilo 60, hivyo ni mililita 90 kwa kasi ya 4 kwa sekunde, zikifuatwa na mililita 40 za maji ya chumvi. Mashine inaitazama aota, ateri kuu itokayo moyoni. Ikivuka Hounsfield 100 tunangoja sekunde 18, ndipo tunapiga awamu ya ateri. Hakikisho lake ni rahisi: vena ya pota, iletayo damu ya utumbo kwenye ini, imeanza kung'aa kidogo, vena za ini bado nyeusi. Pota ikiwa nyeusi kabisa, tumewahi mno. Awamu ya pota hupigwa sekunde ya 70, na ya mwisho dakika ya 3.

Vipande tunavitengeneza upya kwa unene wa milimita 1.5. Huwezi kupima ukingo wa milimita 5 kwa kipande chenye unene wa milimita 5.

Saa 4:30

Kwenye skrini, picha za kabla kushoto, za leo kulia. Uvimbe ulikuwa milimita 26. Eneo lililochomwa sasa ni 41 kwa 38 kwa 36. Anayesoma ukubwa pekee ataandika kwamba ugonjwa umekua, na atakuwa amekosea vibaya. Eneo lazima liwe kubwa kuliko uvimbe, kwa sababu daktari alichoma pia sehemu ya ini yenye afya inayoupakana: angalau milimita 5 kila upande kwa saratani ya ini, na 10 ikiwezekana kwa kansa iliyosambaa kutoka utumbo mpana. Zaidi ya hayo, ini hunywea kwa joto kama nyama juu ya jiko, kwa hiyo ukingo unaoupima leo unaweza kuwa mwembamba kuliko ule uliochomwa kweli.

Kinachotafutwa ni damu. Katikati ya eneo inasoma 58 kabla ya dawa na 60 baada yake: haikunywa kitu, imekufa. Pembeni kuna pete nyembamba, laini, yenye unene ulio sawa pande zote. Hiyo ni tishu iliyochokozwa na joto, na inaweza kuonekana kwa miezi kadhaa. Tungeogopa kama pete ingekuwa nene upande mmoja, au ingekuwa na kinundu kinachong'aa awamu ya ateri kisha kufifia awamu ya mwisho.

Kuna pia pembetatu inayong'aa kuelekea ukingo wa ini, njia ilimopita sindano. Inapotea awamu zinazofuata bila kuacha doa jeusi. Ni ateri na pota zimeunganika mahali palipojeruhiwa, si kansa.

Sehemu inayonishughulisha zaidi ni upande wa nyuma. Tawi la pota lenye upana wa zaidi ya milimita 3 linapita hapo, na ukingo umebaki milimita 3 tu. Damu inayokimbia hupoza tishu. Nyuzi 60 huua seli papo hapo, lakini kando ya mshipa mkubwa joto huenda halikufika huko. Leo hapang'ai. Kwa LI-RADS, mfumo wa pamoja wa kuripoti picha za uvimbe wa ini, ninaandika kuwa uvimbe hauko hai, na ninautaja ukingo huo kwa namba na mahali pake, ili picha ya miezi mitatu ijayo ianzie hapo.

Saa 8:00 mchana

Mama kutoka Kalya, amefika kwa boti jana. Ana kisukari, alitibiwa siku 16 zilizopita, na homa haijakatika. Homa ndogo na uchovu vya siku chache baada ya tiba ni kawaida, na vipovu vya hewa ndani ya eneo siku za mwanzo pia. Wiki ya tatu, hewa iliyopanda juu ya usaha na pete nene si kawaida. Ni jipu. Sisubiri kuandika ripoti, nampigia daktari wa wodi ili atobolewe na kuwekewa mrija leo hii, akiongozwa na altrasaundi.

Saa 10:00 jioni

Simu kutoka kituo cha afya. Altrasaundi ya kawaida imeonyesha "uvimbe bado upo", na familia imechanganyikiwa. Jibu ni lile lile kila mara: kovu la tiba huonekana kwa miezi, hata miaka, na altrasaundi isiyo na kontrasti haiwezi kulitofautisha na kansa iliyo hai. Mleteni kwa siti skani ya awamu nne.

Saa 11:00

Picha za mzee zinachomwa kwenye sidii, zote, pamoja na zile za kabla ya tiba. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haipimiki. Juu ya bahasha ninaandika tarehe ya tiba, aina ya joto, ukingo wa milimita 3 upande wa pota, na miadi ya miezi mitatu, kreatinini ipimwe wiki moja kabla.