Tangi la samaki la lita 100 kwa maji ya kisima cha Mombasa

Kabla sijaenda kwa fundi wa vioo nilinunua kipimo cha chumvi ya maji, kile chembamba kama kalamu: unakichovya, kinakusomea miligramu kwa lita. Kwa wiki mbili nikapima kila maji yaliyoingia nyumbani hapa Kisauni. Kisima cha ploti kilisoma 1,200. Maji ya bomba, siku yanapokuja, hayakufika nusu ya hapo. Mvua ya kwenye mabati ilisoma 30. Mitungi ya mkokoteni ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Muuzaji ni yuleyule na mitungi ni ileile ya njano, lakini leo inasoma 400, keshokutwa 1,500, kwa kuwa anateka panapopatikana. Ukijaza tangi kwa mitungi hiyo bila kupima, unawatoa samaki mtoni na kuwapeleka mlangoni mwa bahari, kisha unawarudisha, wiki baada ya wiki. Wakianza kufa, mtu hukimbilia dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Visima vya pwani hii vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa nyingi, na kadiri unavyokaribia bahari ndivyo chumvi ya kawaida inavyochanganyika nayo. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali kwenye maji, kwa kisima chetu ni 8.2. Namba hizo mbili, 1,200 na 8.2, ndizo zilizonichagulia samaki: moli kwanza, kisha gapi na plati. Moli kwa asili huishi hata mahali mto unapokutana na bahari, na gapi na plati hustawi kwenye maji ya chokaa. Wale neon wadogo wenye mstari wa buluu asili yao ni Amazon, kwenye maji laini kabisa. Kwa kisima cha Mombasa ni kuwatesa. Samaki wa dhahabu wanapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24, na hapa Machi tangi lisilopozwa linafika 31. Wengine watakushauri uweke mbuna wa Ziwa Malawi kwa kuwa wanataka pH ya juu. Ni kweli wanaitaka, lakini ziwa lile lina chumvi kidogo sana, na mbuna ni wagomvi wanaohitaji tangi kubwa kuliko hili.

Tangi nililipima sentimita 80 urefu, 35 upana, 40 kimo. Likijazwa hadi sentimita 38 kwa ndani, ukitoa unene wa kioo, ni kama lita 100. Kioo ni milimita 8. Vipande ni hivi: kitako kimoja 80 kwa 35, mbele na nyuma viwili vya 80 kwa 40, na pembeni viwili vya 33.2 kwa 40. Hiyo 33.2 ndiyo wengi wanayokosea. Kutoka 35 unatoa unene wa vioo viwili, ambao ni sentimita 1.6, na milimita moja moja ya silikoni kila upande. Juu, kwa ndani, niliweka mkanda wa kioo wa sentimita 5 mbele na mwingine nyuma, ili kuta zisivimbe katikati.

Silikoni isome kuwa ni silikoni asilimia 100, na isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo huwaua samaki pia. Inayofaa hunuka siki inapokauka. Kila ukingo niliupangusa kwa spiriti, sikuugusa tena kwa vidole, kisha nikaunganisha. Usikandamize hadi kioo kigusane na kioo, kwani ule utando wa milimita moja ndio unaobeba mzigo. Mrija mmoja wa mililita 300 ulitosha na kubaki. Niliacha siku 7, nikajaza maji nje uani juu ya magazeti makavu kwa saa 48. Tone likivuja, gazeti linalowa na unajua ni kona ipi.

Uzito watu huupuuza. Maji ni kilo 100, kioo kama 24, mchanga 20, na mawe juu yake. Stendi ya chuma kwa hewa ya chumvi ya hapa huota kutu upesi, hasa kwenye maungio. Nimelaza ubao mnene juu ya matofali ya saruji, nikapima kwa pima maji pande zote, nikatandika povu jeupe gumu lile linalofungiwa televisheni, unene wa sentimita 1. Punje moja ya mchanga chini ya kitako bila povu inatosha kukipasua.

Mchanga na mawe nayapima kwa siki. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, mwagia siki nyeupe, sogeza jicho karibu. Mchanga mweupe wa ufuoni unachemka papo hapo, vipovu vidogo vinapanda kama soda, kwa sababu ni matumbawe yaliyosagika. Mchanga wa mtoni, ule wa kahawia wa kujengea, unakaa kimya. Kwa moli chokaa si tatizo, ila kisima changu kimeshaleta ya kutosha, nami sitaki kitu kinachobadilisha maji nyuma ya mgongo wangu. Nilitumia wa mtoni, nikausuuza ndoo baada ya ndoo hadi maji yakatoka meupe. Kwa kilo 20 ilikuwa ndoo kama 15. Na tafadhali, matumbawe na makombe ya baharini tuyaache yalipo. Ndani ya hifadhi ya bahari ni kosa la kisheria, na nje yake pia ni nyumba ya samaki wengine.

Sasa kuivisha maji, jambo linalowashinda wengi kwa kukosa subira. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara. Tangi jipya halina bakteria hao. Na hapa Mombasa kosa la kutia samaki kabla bakteria hawajaota huadhibiwa vikali zaidi. Sehemu ya amonia inayoua hukua pH na joto vinapopanda. Kwenye pH 7 na nyuzi 25 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.2 na nyuzi 30 ni kama asilimia 11. Kwa hiyo anayefuata maelekezo ya mtu wa nchi ya baridi, kwamba samaki wachache wa kuanzia watavumilia, anawatia kwenye sumu iliyozidi ile kwa karibu mara ishirini. Kwa upande wa nitriti chumvi ya kisima inasaidia kidogo, kwani kloridi huizuia isiingie kupitia matamvua. Kwenye amonia hakuna msaada huo.

Ili kupata amonia ya kuwalisha bakteria kabla ya samaki, nilitumia kamba wa baharini. Kamba mmoja mbichi, ukubwa wa kidole gumba, nikamfunga kwenye kipande cha soksi nyembamba na kumning'iniza majini siku 4, kisha nikamtoa. Maji yaligeuka kama tui jepesi, na harufu ilikuwapo. Siku ya tano amonia ilisoma miligramu 4 kwa lita. Nitriti ikapanda wiki ya pili, ikakaa juu hadi mwisho wa wiki ya nne. Joto letu huwaharakisha bakteria, lakini si kwa kiasi cha kuruka hatua. Tangi limeiva pale unapotia chakula au amonia ya kufikisha miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sufuri. Mwenzio mwenye tangi la zamani akikukamulia sponji ya filta yake kwenye lako, unaweza kuokoa wiki mbili, mradi samaki wake wawe wazima. Amonia ya kusafishia sakafu usiitie kabla ya kutikisa chupa: povu likibaki juu, ina sabuni.

Filta yangu ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa moja. Ni rahisi, haina cha kuharibika, na hewa ndiyo muhimu kuliko yote kwenye maji ya moto. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na wakati huohuo samaki na bakteria wanapumua kwa kasi zaidi. Pampu ikae juu ya usawa wa maji. Ikikaa chini, siku umeme unapopotea maji hurudi kwenye mpira wa hewa hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo hadi soketi. Waya nao uning'inie chini ya soketi kisha upande, ili tone linaloteleza lidondoke sakafuni.

Umeme ukikatika, nina pampu ndogo inayochomekwa kwenye betri ya kuchajia simu. Betri ya miliampea-saa 10,000 huiendesha usiku kucha. Mwenye filta ya mkebe uliofungwa ajihadhari zaidi: umeme ukipotea saa kadhaa bakteria walio ndani hukosa hewa na kufa, na ukirudi filta humwaga uozo wote tangini. Ifungue, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kupoza ni feni ya kompyuta ya volti 12, ya sentimita 12, kutoka kwa mafundi wa kompyuta mjini. Nimeifunga sentimita 10 juu ya maji kwa mshazari, ipulize usoni mwa maji. Inashusha nyuzi 2 hadi 3 wakati wa kaskazi. Mvua za Aprili zikianza na hewa ikajaa unyevu, inashusha moja na nusu. Mfuniko wa kioo huua kazi yote hiyo, kwa hiyo juu nimetandaza chandarua cha zamani kilichokazwa kwenye fremu ya mbao. Kinazuia gapi kuruka na hewa inapita. Siku feni haipo, chupa ya nusu lita ya barafu hushusha lita 100 kwa nusu nyuzi tu. Weka chupa mbili ndani ya saa, zisizidi hapo, zikiwa zimefungwa kizibo.

Lakini feni ina deni lake, na hapa ndipo nawaomba wenzangu wa pwani wakae makini. Tangi langu linapoteza lita 2 kwa siku. Maji yanayopaa ni matupu, chumvi inabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima ya 1,200, kila siku unaongeza miligramu 2,400 za chumvi. Kwa siku 30 ni 72,000, yaani 720 zaidi kwa kila lita. Tangi lililoanza 1,200 linasoma 1,920, na macho hayaoni tofauti yoyote, maji ni angavu kabisa. Samaki wa zamani wamezoea polepole. Unaleta gapi wapya, wanakufa usiku uleule, na unamlaumu muuzaji.

Dawa yake ni kujazia kwa mvua peke yake, na maji ya kisima yatumike wakati wa kubadilisha tu. Wakati wa masika nakinga mvua kwenye pipa la lita 200. Dakika 20 za mwanzo naziacha zimwagike, zisafishe vumbi na vinyesi vya ndege kwenye mabati. Kila Jumamosi natoa lita 20 za tangini kwa mpira, nikifyonza uchafu wa chini, na kurudisha lita 20 nilizochanganya: sehemu moja kisima, sehemu mbili mvua. Hesabu ni 1,200 jumlisha 30 mara mbili, gawanya kwa tatu, inakuwa 420. Kwa wiki kadhaa tangi lilishuka taratibu, sasa linakaa karibu na 450, na hapo nimeliacha. Moli hawataki chini zaidi. Maji ya bomba yakitumika badala ya mvua, yakae ndoo wazi saa 24 na jiwe la hewa ndani ili klorini itoke.

Samaki wapya walikuja 6 kwanza, dume mmoja kwa majike wawili, maana dume mwenye jike mmoja humfukuza hadi achoke. Nilipima maji ya mfuko wao: 180. Tofauti hiyo huwezi kuimaliza kwa kuelea mfuko dakika 15. Niliwatia kwenye ndoo, nikadondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili kwa sekunde, saa 3, hadi kipimo kikakaribiana. Kundi la pili lilisubiri wiki mbili. Nawalisha mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Kinachozama ni amonia ya kesho.

Pipa la mvua lifunikwe kwa chandarua, kwani homa ya dengi si ngeni Mombasa na mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia. Viluwiluwi vya mbu vikiponyoka na kuonekana ndani, navichota kwa kichujio cha chai na kuwapa moli. Hawaachi hata kimoja.