Wageni wa Iringa na Ratiba ya Baba

Muuza pweza wa pale Rangi Tatu, Mbagala, ananijua. Nikishuka kwenye daladala jioni nasimama kwenye meza yake, nachoma kijiti kwenye vipande viwili vitatu, chumvi na pilipili, kisha naendelea na safari. Supu siigusi. Supu ya pweza hapa mjini ina wateja wake, wote wanaume, na wote wanaangalia pembeni wakiinywa. Juzi nilikuwa na mwanangu wa pili. Aliinama mpaka pua ikakaribia sinia, akagusa mkono mmoja wa pweza kwa ncha ya kidole, akauliza: "Mama, hivi vikombe bado vinanyonya?"

Muuzaji akamwambia huyu keshaiva, hana nguvu tena. Mimi nikasema akiwa mzima vinanyonya, tena vinaacha alama za duara mpaka kesho yake. "Umejuaje?" Gari la kuunganisha likafika, tukaparamia, sikumjibu.

Nimejua kwa mkono wa Mwalimu, rafiki wa baba.

Ilikuwa Novemba 2005. Idd el-Fitr iliangukia mwisho wa wiki, na baba alikuwa amealika wageni kutoka Iringa. Mnaosoma hapa siku zote mnamjua baba, kwa hiyo hamtashangaa nikisema wageni wangali njiani, hawajafika Somanga, yeye keshaandika ratiba. Karatasi mbili za daftari, mistari imepigwa kwa rula na peni nyekundu, zimebandikwa sebuleni kwetu Chikongola, Mtwara, juu ya redio. Ijumaa: sala, chakula, matembezi ufukwe wa Shangani. Jumamosi: Mikindani. Jumapili: Msimbati, kwa gari la kuazima. Chai ilikuwa na dakika zake. Mapumziko nayo yalikuwa na dakika zake.

Hakuwa mtu wa makuu. Ila kwa wafanyakazi wa serikali wa zamani, kupangiwa Kusini ilikuwa ni kama kuadhibiwa. Mtu akipewa barua ya Mtwara, ndugu zake humwaga machozi kabla hajapanda basi. Baba mzaliwa wa Newala, na maneno hayo aliyasikia akiwa JKT, chuo cha ualimu, kwenye semina, kila mahali. Na aliyekuwa akiyasema kwa sauti kubwa kuliko wote ni huyo huyo Mwalimu, rafiki yake wa kulala kitanda cha juu na cha chini. Sasa huyo mtu ndiye anakuja, na mke na watoto wawili. Baba aliiona nafasi yake.

Walifika usiku wa manane, vumbi mpaka kwenye kope. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa 2003, kwa hiyo kivuko cha Rufiji kilishakuwa hadithi, lakini kipande cha Nyamwage hadi Somanga kilikuwa bado hakina lami, na basi lao lilikuwa limezama kwenye mchanga mara kadhaa. Watoto walikuwa wamevaa sweta. Mtwara, Novemba, sweta! Walileta viazi gunia zima, na njegere, na asali kwenye ndoo ya rangi.

Siku ya Idd naipita haraka, maana Idd zote za kwetu zinafanana: pilau, watoto wa jirani wanaopita kudai mkono wa Idd, mama anayekasirika kwa sababu kaimati zimekunywa mafuta. Nakumbuka utani tu. Mwalimu alishika paja la nyama, akalitazama kwa miwani yake minene, akasema: "Mwenzangu, hii ni mbuzi kweli? Nyie Wamakonde na panya wenu siwaamini."

Baba hakuinua hata macho. "Ni mbuzi. Ingekuwa nyumbani kwako Iringa ningeuliza kama ilibweka."

Mama mgeni alipaliwa na soda. Baada ya hapo ikawa ni siasa, maana uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umeahirishwa hadi 14 Desemba na picha za wagombea zilikuwa zingali kwenye kila mkorosho wa barabarani. Mwalimu akamchokoza baba kwamba Mkapa wao wa Masasi anafungasha virago, nani atawakumbuka tena watu wa Kusini. Baba akajibu kwamba daraja kaacha, na halifungashiki.

Usiku ule mama na mama mgeni walikuwa jikoni wanakuna nazi za futari iliyosahaulika, kwa maneno yao wenyewe, yaani walikuwa wanapika tu kwa sababu walikuwa hawajamaliza kuongea. Mimi nilipewa kazi ya kumshikia mama koroboi, umeme ulikuwa umekatika. Mama mgeni akasema, bila kuacha kukuna:

"Dada, shemeji yako hakuja kula Idd. Wamempa ukuu wa shule, huku huku kwenu. Anatakiwa ajibu mwisho wa mwezi. Kasema ngoja kwanza nikapaone."

Mama akauliza kama baba anajua.

"Hajui. Na usimwambie, nakuomba. Atamganda."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliyasikia yale kama mtoto anavyosikia mambo ya wakubwa, yaani yote, bila kujua uzito wake. Niliona tu kwamba kuanzia asubuhi iliyofuata mama aliweka nazi kwenye kila kitu, hata kwenye viazi vya wageni wenyewe.

Mikindani ilikwenda vizuri kupita kiasi. Baba alikuwa ameazima kitabu, akajifunza. Alituonyesha Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, akatupitisha kwenye vichochoro vya milango ya nakshi, akatusimamisha mbele ya nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapo mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Bahati mbaya Mwalimu alikuwa anafundisha historia. Alikisoma kibao taratibu, akavua miwani, akaifuta.

"Ujiji kalala. Kwihara kalala. Unguja kalala. Na hapa tena kalala. Huyu mzee alikuwa anapeleleza Afrika saa ngapi?"

Mama aligeuka upande wa bahari ili baba asimwone anavyocheka. Baba akasema tuendelee, tumechelewa dakika kumi na tano.

Jumapili gari la Msimbati halikuja. Mwenye gari alikuwa na sababu zake, na baba alisimama barabarani kwa saa nzima na dumu la mafuta aliyoyanunua mwenyewe. Msimbati ndiyo ilikuwa silaha yake ya mwisho, ule mchanga mweupe usioisha na minazi, na maji ambayo aliapa Mwalimu hajayaona hata kwenye kalenda. Mama ndiye aliyeamua. Alisema basi twendeni kwa mama, hapo ng'ambo, mashua zipo. Baba akasema hatuwezi kumpeleka mgeni Msanga Mkuu, kuna nini Msanga Mkuu? Ni kijijini kwa mama mkwe wake, kuna nyavu zinaanikwa na mbuzi wanalala njiani. Mama alikuwa keshavaa kanga ya safari.

Bibi yangu, yule niliyewahi kuwasimulia hapa hadithi zake za uchawi wa minazi, hakuandaa chochote. Mwalimu alimwamkia "Shikamoo bibi" kwa adabu zote za Kihehe, ameinama na mkono mmoja kifuani. Bibi akaitikia "Marahaba baba," akamtazama kuanzia juu mpaka chini, suruali ya pasi na viatu vya kamba, akaingia ndani akatoka na yebo yebo za mjomba.

"Vaa hizi. Maji yametoka, twende."

Idd el-Fitr inafuata mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa hiyo kwa watu wa kule sikukuu na pweza ni mambo ya wakati mmoja. Bahari ilikuwa imekimbia mbali, mwamba umebaki wazi, rangi ya kahawia na kijani, vidimbwi vinameremeta kila mahali. Wanawake walikuwa wametawanyika kule na kanga zimefungwa kiunoni na vikapu mgongoni, wameinama wote. Kwa mbali usingejua kama wanatafuta kitu au wanasali.

Mwalimu alitembea nyuma ya bibi kwa uangalifu mkubwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myeupe ya mtu wa soksi. Visigino vilining'inia nje ya yebo yebo. Sisi watoto wanne tulifuata, tumekatazwa kukanyaga wale wenye miiba mieusi. Baba alibaki ufukweni. Mtu wa Newala, wa juu kwenye uwanda, bahari anaipenda akiwa amesimama pakavu.

Bibi alisimama kwenye tundu ambalo mimi nisingeliona. Mbele yake kulikuwa na maganda ya chaza na vijiwe vimerundikwa.

"Huyu mchafu. Anakula anatupa mlangoni. Ukiona maganda mapya, mwenyewe yumo." Akampa Mwalimu mchokoo, kijiti chake kirefu kilicholainika kwa miaka ya kushikwa. "Ingiza. Polepole. Akishika, utajua."

Mwalimu aliingiza. Alisubiri. Halafu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeitwa jina na asiyemfahamu. "Ameshika," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Bibi akamwambia avute kidogo, aache, avute. Sijui alikosea wapi, au kama alikosea. Mkono mmoja wa pweza ulipanda juu ya kijiti, ukapapasa, ukakuta vidole vyake, ukavipenda. Kisha wa pili. Kisha kichwa chote kikatoka kwenye tundu na yule mnyama akahamia kwenye mkono wa Mwalimu mpaka kwenye kiwiko, analowa na kubadilika rangi mbele ya macho yetu, kahawia, nyekundu, kijivu, kahawia tena.

Kutoka ufukweni baba alikuwa anapiga kelele: "Vuta! Mng'oe! Vuta!" Mama mgeni alikuwa amecheka mwanzoni, sasa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mtoto wao mdogo alianza kulia.

Bibi hakuharakisha. "Usinvute, baba. Ukinvuta, naye anakuvuta. Nwache."

Na Mwalimu akaacha. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Yule mtu mkubwa, mwenye neno kwa kila kitu, alilegeza mkono wake wote kuanzia begani, akasimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, miwani imeteleza mpaka kwenye ncha ya pua, anamtazama pweza. Pweza naye alikuwa na jicho, lile jicho lake lenye mstari, na lilikuwa limemwelekea. Sijui ilichukua muda gani. Upepo ulikuwa unapiga kola ya shati lake. Nilimwona anasogeza midomo, nikasogea, nikamsikia anasema, "Haya. Haya basi. Haya," kwa sauti ambayo watu hutumia kwa mtoto anayekataa kulala. Mikono ya pweza ikaanza kulegea, mmoja mmoja, na kila kikombe kilipoachia kilitoa sauti ndogo, pa, pa, pa.

Bibi akapitisha mkono wake, akamshika kichwa, akakigeuza ndani nje kama unavyogeuza soksi. Kwisha. Akampiga kwenye mwamba mara nyingi, bila hasira, akamtia kikapuni, akatafuta tundu jingine.

Mwalimu alibaki amenyoosha mkono. Alama zilikuwa zimepangana kwa mistari, duara nyekundu, kubwa karibu na kiwiko na ndogo kwenye vidole. Hakukubali kuzioshea maji ya chumvi wala mafuta ya nazi aliyoletewa. Mchana tulikula pweza wa nazi na ugali wa muhogo, na ming'oko ya kuchemsha ambayo watoto wa Iringa walidhani ni mizizi ya dawa. Aliuliza kama anayemla ni yule yule. Bibi akamwambia ndiye. Alikaa kimya kidogo, kisha akaongeza tonge. Safari ya kurudi kwenye mashua hakutania mtu hata mara moja, na baba, aliyezoea kujibu, alikaa hajui aseme nini.

Jumatatu alfajiri waliondoka. Barua ilifika Januari, kurasa mbili za mwandiko mzuri wa ubaoni, na baba alitusomea sote baada ya chakula. Kurasa zote mbili zilikuwa za pweza. Boma hakuna. Livingstone hakuna. Alimwita bibi "mwalimu wangu". Baba alipomaliza aliigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. "Na pilau je?" akauliza. Hakuna aliyemjibu.

Ukuu wa shule aliuchukua, lakini mkoa mwingine, kwenye baridi. Baba alikuja kujua habari za ile nafasi miaka kadhaa baadaye, mama alipomtolea siku waliyokuwa wanagombana kuhusu jambo jingine kabisa, bati za nyumba ya Newala nadhani. Aliumia, na sidhani kama aliumia kwa sababu rafiki yake alikataa kuja. Aliumia kwamba kumbe alikuwa kwenye usaili siku tatu nzima bila kuambiwa.

Sababu ya kukataa kila mtu anayo yake. Mama anasema yule mtu alishaamua tangu basi lilipozama kule Somanga, mengine yote alikuwa anakula sikukuu tu. Inawezekana, leo ukiondoka Mbagala alfajiri jioni uko Mtwara, na vijana hawaelewi tunaongelea nini. Mimi nilimwona uso pale mwambani, na kwa akili yangu ya miaka kumi na moja nilidhani huyu habanduki tena. Labda niliona nilichotaka kuona. Labda mtu anaweza kupapenda mahali na asipataki, bila ugomvi wowote kati ya hayo mawili. Bibi, kabla hajafariki, alikuwa akiuliza kila Idd kama yule baba wa Iringa atakuja tena, na akijibiwa hapana anasema basi, mikono yake ilikuwa mizuri, haina papara.

Baba yeye hana shaka hata kidogo. Nilimpigia simu usiku ule ule wa pweza wa Rangi Tatu, nikamuuliza anaonaje sasa. Alianza kabla sijamaliza swali: ratiba ilivunjwa Jumapili, gari halikuja, watu wakaamua mambo yao.

"Msimbati hakuiona," akasema. "Angeiona Msimbati, tungezungumza mengine."

Msimbati nimekuja kuiona mwenyewe nikiwa na watoto. Ni pazuri kweli, kama alivyosema. Sijui kama pangetosha.