Kitufe cha kukataa kisichokataa

Barua pepe yenyewe ilikuwa fupi: "Habari za kazi. Naomba kujua tovuti yako imehifadhi taarifa gani zangu, na nani mwingine anazo." Nikaanza kujibu kwa kujiamini, sentensi ya pili nikakwama. Tovuti ni yangu, nimeijenga mwenyewe, inafundisha ushonaji kwa video na maelezo. Jibu sikuwa nalo.

Nilichokuwa nacho ni lile bango la chini ya ukurasa: "Tovuti hii hutumia vidakuzi ili kuboresha huduma zetu," na vitufe viwili, Kubali na Kataa. Maneno nilinakili mahali. Ni vidakuzi gani, na vinaboresha nini, sikuwahi kujiuliza.

Nikafungua dirisha la faragha, nikaingia kama mgeni, nikabonyeza F12 na kwenda sehemu inayoonyesha hifadhi ya kivinjari. Bango sijaligusa. Vidakuzi 14 vimeshajipanga! Vitano vina jina la kikoa changu, yaani anwani ya tovuti yangu, tisa vina majina nisiyoyajua. Nikabonyeza Kataa, nikapakia ukurasa upya. Vikawa 15. Kile kipya kilikuwa cha bango lenyewe, kimeandika kwamba mgeni huyu amekataa. Vingine vyote vipo pale pale. Kumbe kazi ya kitufe ilikuwa kufunga bango, basi.

Kwa asiyejua, kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, hukikabidhi kivinjari, nacho kivinjari hukirudisha kila kinapoomba kitu kwa seva ile ile. Lou Montulli alikibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, kwa kuwa seva ya wavuti haikumbuki mtu: kila ombi kwake ni la mgeni mpya. Bila kidakuzi au kitu cha namna hiyo, ungeingia kwa nenosiri kila unapofungua ukurasa mwingine. Hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza ukurasa wangu unapovuta kitu kutoka kwa mtu mwingine, iwe video au tangazo, maana naye hupata nafasi ya kuweka chake. Akiwa amepachikwa kwenye tovuti elfu, anaweza kumtambua mtu yule yule kwenye zote elfu. Vivinjari vingine siku hizi huzuia hilo, vingine havizuii.

Nikachukua daftari, kila kidakuzi mstari wake: jina, kikoa, kinaishi muda gani, kimeletwa na nini. Ilinila jioni tatu, kwa sababu njia pekee niliyoijua ilikuwa kuzima kitu kimoja, kufuta vidakuzi, kupakia upya na kuangalia kipi hakijarudi. Vitano vililetwa na video. Vitatu na vitufe vya kusambaza, ambavyo sikumbuki mtu kuvitumia. Kimoja kilitoka kwenye msimbo wa matangazo niliowahi kuujaribu, haukuniletea chochote, nikausahau ukiendelea kuwachungulia wageni wangu. Na katika vile vitano "vyangu", viwili vilikuwa vya programu ya takwimu, kimoja kikiwa kimepangiwa kuishi miaka miwili. (Mimi mwenyewe sina hakika kama tovuti itafika huko.)

Msimbo wa matangazo niliung'oa bila kufikiri mara mbili. Vitufe vya kusambaza nikavigeuza viungo vya kawaida. Kwenye video nikaweka picha tuli. Video yenyewe haiitwi mpaka mtu abonyeze, na chini yake nimeandika inatoka kwa nani.

Takwimu ndizo zilizoniuma. Napenda grafu, sifichi. Kwanza nilizifunga zisubiri ridhaa, na wageni wengi hawakuitoa, grafu ikalala chini. Ndipo nikajiuliza huwa natafuta nini humo, nikaona ni kitu kimoja tu: somo lipi linasomwa. Hilo seva yangu inalijua tayari kwenye kumbukumbu zake. Nikaipanga ikate tarakimu za mwisho za anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa cha mgeni mtandaoni, na kufuta kumbukumbu kila baada ya siku 30, programu ya takwimu nikaiaga.

Vikabaki vitatu: cha kumtambua aliyeingia kwenye akaunti, cha usalama wa fomu, na cha lugha, ambacho sasa huwekwa pale tu mtu anapochagua lugha. Hivyo ni vya lazima kwa kazi ambayo mgeni mwenyewe ameiomba, na hata sheria za Ulaya hazidai ridhaa kwa vya aina hiyo. Kwa vingine zinadai, tena ridhaa ya kweli: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ridhaa. Kwangu hata kisanduku hakikuwapo. Bango nikaliondoa, nikaandika ukurasa mmoja unaotaja vile vitatu kimoja kimoja.

Lakini aliyeniandikia aliuliza taarifa zake, na hizo hazikuwa kwenye vidakuzi. Zilikuwa kwenye hifadhidata, kwa njia ya fomu ya maswali. Nikatafuta anwani yake, nikamkuta: jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, na swali, "Kwa nini zipu ya sketi yangu inajikunja mwishoni?" Sikuwa nimemjibu. Tarehe ya kuzaliwa ya nini kwa mtu anayeuliza zipu? Kiolezo cha fomu kilikuja na nafasi hiyo, nami nikaiacha. Niliifuta kwa watu wote, na namba za simu pia.

Nikamwandikia kila nilichokikuta, pamoja na aina ya waliokuwa wakipata habari zake kupitia kwangu. Akaomba nifute yaliyobaki. Nikafuta, nikaandika "tayari", na kabla sijatuma nikakumbuka nakala rudufu. Tovuti hujinakili kila usiku na kila nakala hukaa mwezi mzima, kwa hiyo bado alikuwamo mara 30. Nikalifuta lile "tayari", nikamtajia tarehe ambayo nakala ya mwisho yenye jina lake itaondoka.

Jibu lake likaja jioni ile: "Asante. Ile zipu bado inajikunja."