Bati la ami na grafu iliyonidanganya

Wiki iliopita ami yangu kanipigia simu kutoka Mkokotoni, anataka nimtengenezee kitu cha kufunga kwenye mlingoti ili meli zimuone kwenye rada usiku, mana dau lake ni mbao tupu na mbao hairejeshi mawimbi kama chuma. Analala huko nje na taa moja ya betri. Nikasema hili lazima nilifanye vizuri.

Rada nyingi za meli zinapiga kwenye gigahezi 9.4 hivi, wimbi lake lina urefu wa sm 3.2. Sasa machoni mwa rada kila kitu kina ukubwa wake, unahesabiwa kwa mita za mraba, na sio ule unaouona wewe. Tufe la chuma la upana wa sm 30 ni kama 0.07 tu, lakini bati bapa la sm 30 kwa 30 likiielekea rada uso kwa uso linafika karibu 99, yani desibeli 20 (kipimo ambacho kila desibeli 10 ni mara kumi)! Nikaona basi, nakata bati namtundikia.

Nikalichora kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, nikapiga hesabu ya kinachorudi bati likigeuka, kila baada ya nyuzi 5, mana ndo mazoea yangu ya kuchora dipoli, ile antena ya fito mbili, na dipoli haina shida, umbo lake ni namba nane pana, mwale wake, yani upana wa pembe inakopeleka nguvu, una nyuzi kama 78 kwa hiyo nukta chache zinatosha. Grafu ikatoka safi, ikanionesha kuwa hata bati likigeuka nyuzi 3 bado napata desibeli 11. Nikafurahi kweli.

Kumbe ni mstari tu programu imeunganisha nukta mbili. Nikarudia kwa robo nyuzi na pale kwenye nyuzi 3 pana shimo, hakuna kinachorudi kabisa, na mashimo yanaendelea kila baada ya nyuzi 3 na kitu. Mwale wenyewe hata nyuzi 3 haufiki. Dau likiwa kwenye mawimbi ya kusi linayumba zaidi ya hapo kila sekunde jamani! Ningempa ami bati lile angeamini anaonekana na haonekani.

Kitu chengine, yale mashimo yanashuka chini mno na grafu ya duara ikajibana yote ukingoni, hapo lazima uiwekee sakafu, yani kiwango cha chini kabisa cha kuchora, mimi niliweka desibeli -30. Na sifuri uipeleke juu, mana matplotlib, kifaa cha Python cha kuchorea grafu, inaanzia kulia na kuzunguka kinyume cha saa, ami hawezi kuisoma hivo, yeye anataka omo iwe juu kama dira.

Nikachora kona ya mabati matatu ya pembetatu yaliokutana kwa pembe mraba, kingo sm 30. Kilele chake ni mita za mraba 33 tu, theluthi ya lile bapa, lakini mwale wake ni mpana kama nyuzi 40. Ndo tunayotaka.

Nikampelekea picha zote mbili. Akaziangalia akaniuliza, "Sasa mwanangu, meli ikitokea nyuma?" Swali la mtu anaejua bahari. Kona moja inaangalia upande mmoja, zinatakiwa nane zilizopeana mgongo, na zitundikwe kona moja ikiangalia juu kama bakuli la kudakia mvua. Fundi bati kaniambia Alkhamisi.